Baba Hayupo Tena: Alinganishwe na Ndugu Gani, kwa Kipimo Gani cha DNA?

Mwaka jana nilialikwa kwenye okwabya olumbe, ile hafla ya Kiganda ya kumaliza msiba na kumsimika mrithi, nyumbani kwa askari mstaafu aliyezikwa nje kidogo ya Bombo. Kabla mrithi hajavishwa vazi la gome, alisimama kijana wa miaka ishirini na ushei, aliyefika alfajiri kwa basi la kutoka Gulu, akasema kwa Kiswahili cha kambini kwamba marehemu alikuwa baba yake pia, na kwamba mama yake alimjua mzee huyo alipokuwa kazini kaskazini. Hakuna aliyemfukuza. Wazee walitoka wakateta chini ya mwembe, wakarudi na neno ambalo siku hizi halikosekani katika vikao vya mirathi nchini Uganda: DNA.

Ubishi ulianza palipoulizwa kijana alinganishwe na nani. Baba wa marehemu alikwisha kufariki zamani, lakini mama yake, yaani bibi wa watoto, alikuwa hai. Walikuwapo pia mdogo wake wa kiume, dada yake, mjane, na watoto watatu wa ndoa: binti wawili na mvulana mmoja. Dada wa marehemu, ssenga kwa watoto wale, alisema apimwe yeyote kati yao kwa sababu damu ni moja. Mjane naye akasema yuko tayari kutoa sampuli yake. Watu wakaangua kicheko, kwa kuwa yeye na kijana hawana udugu hata chembe. Nitarudi kwenye kicheko hicho, maana waliocheka ndio waliokosea.

Jambo lenyewe si dogo. Chini ya sheria ya mirathi ya Uganda kama ilivyorekebishwa mwaka 2022, mali ya mtu aliyefariki bila wosia, akaacha mke, watoto, wategemezi na mrithi wa kimila, hugawanywa hivi: asilimia 75 kwa watoto na vizazi vyao, 20 kwa mwenzi, 4 kwa wategemezi na 1 kwa mrithi wa kimila. Sheria haimbagui mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa. Kwa hiyo swali la kijana yule lilikuwa swali la iwapo fungu kubwa kuliko yote litagawanywa kwa watu watatu au wanne.

Asilimia zinazotajwa ni za nini

Kabla ya kulinganisha ndugu na vipimo, kuna mikanganyiko miwili ya kuondoa. Wa kwanza ni ule unaoletwa na msemo kwamba binadamu wote wanafanana kwa takriban asilimia 99.9 ya vinasaba vyao. Msemo huo ni kweli, lakini unahusu mpangilio mzima wa herufi takriban bilioni 3 za DNA, ambao kwa sehemu kubwa ni uleule kwako na kwa mtu wa Kisoro au wa Norway. Tunaposema mtu na shangazi yake wanachangia asilimia 25, tunazungumzia vipande ambavyo wote wawili wamerithi kutoka kwa wazee walewale wa vizazi vichache vilivyopita. Hesabu hizi mbili hazikutani.

Mkanganyiko wa pili ndio unaoleta ugomvi zaidi. Cheti cha kipimo cha baba kikiandikwa asilimia 99.99, watu husoma kana kwamba mtoto amechukua vinasaba vyote vya baba. Sivyo. Mtoto huchukua nusu tu, na ile 99.99 ni uzito wa ushahidi: inaeleza jinsi inavyoaminika kwamba mtu huyu ndiye baba kuliko mtu mwingine asiye na udugu naye. Nimewahi kumsikia mzee akilalamika kwamba 0.01 iliyobaki ni ya jirani.

Sasa viwango vyenyewe. Mzazi na mtoto huchangia nusu, na nusu hiyo haina bahati nasibu, kwa sababu kila mtoto hupokea kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba DNA, 23 kutoka kwa mama na 23 kutoka kwa baba. Ndugu wa baba mmoja na mama mmoja nao huchangia nusu, lakini yao ni ya wastani tu. Kila mzazi huchanganya upya kromosomu zake kabla ya kumpa mtoto, kama mtu anayechanganya karata kila anapogawa, hivyo ndugu wawili wanaweza kukutwa na asilimia 38 na wengine wawili wa tumbo hilohilo wakakutwa na 61. Tofauti nyingine imejificha ndani zaidi. Kwa mzazi na mtoto, kila mahali kwenye kromosomu kuna nakala moja inayolingana. Kwa ndugu kamili, takriban robo ya mahali nakala zote mbili zinalingana, nusu ya mahali inalingana moja tu, na robo iliyobaki hakuna inayolingana. Ndiyo maana mtaalamu mwenye data ya kutosha hawezi kumchanganya kaka na baba, ingawa wote wameandikiwa hamsini.

Kundi la robo ni pana na lina watu ambao nyumbani hatuwaweki kwenye mkeka mmoja: babu na bibi, mjomba, shangazi, baba mdogo, mama mkubwa, na ndugu wa baba mmoja mama mbalimbali. Wote wastani wao ni asilimia 25, na kwa ndugu wa mzazi mmoja kiwango hucheza kati ya 17 na 34 hivi. Binamu wa kwanza ni 12.5 kwa wastani, lakini wanaweza kushuka hadi 4 au kupanda hadi 23. Mtoto wa binamu yako ni 6.25. Binamu wa pili, yaani wale ambao babu au bibi zao walikuwa ndugu, ni asilimia 3 na kidogo. Binamu wa tatu hawafiki asilimia moja, na takriban jozi moja katika kila kumi haichangii kipande chochote kinachoweza kuonekana. Kwa binamu wa nne ni karibu nusu ya jozi. Udugu wao upo na mababu ni walewale, ila vinasaba vya mababu hao vimekwisha kumwagika njiani.

Hapa Uganda kuna mtego wa lugha ambao maabara haiwezi kuuona. Kwa Baganda, mtoto wa baba mdogo ni muganda wako, ndugu kama ndugu, na mtoto wa kojja, yaani mjomba, au wa ssenga ni kizibwe. Kwa DNA, wote hao ni binamu wa kwanza wenye wastani wa 12.5. Kiswahili chetu nacho hakitusaidii, kwa kuwa neno "ndugu" linatosha kwa kaka, binamu, mtu wa kijiji kimoja na mwanachama mwenzako. Anayejaza fomu ya maabara na kuandika "ndugu yangu" akimaanisha mtoto wa baba mdogo anaifanya maabara ipime swali lisilo lake, na jibu litakalorudi litamvunja moyo bila sababu. Andika njia nzima: mtoto wa mdogo wa kiume wa baba yangu, baba mmoja na mama mmoja. Ni maneno mengi, lakini yanaokoa fedha.

Baba akiwa hai

Sehemu hii haihitaji maneno mengi, kwa kuwa hakuna ndugu anayeweza kushindana na baba mwenyewe. Kipimo kinachotumika huangalia mahali ishirini au zaidi kidogo kwenye kromosomu, ambapo herufi chache hujirudia mara kadhaa, kwa mfano mara 9 kwa mtu huyu na mara 14 kwa yule. Kila mtu ana idadi mbili kila mahali, moja ya mama na moja ya baba. Ikiwa mtoto ana 9 na 14, na mama ana 9 lakini hana 14, basi 14 lazima iwe imetoka kwa baba, na mwanamume asiye nayo huenda siye baba. Kutofautiana mahali pamoja tu kunaweza kuwa badiliko la bahati, ambalo hutokea mara chache sana. Kutofautiana mahali patatu au zaidi kwa kawaida humwondoa kabisa. Mama akipimwa pamoja nao, jibu hukaza zaidi, ingawa wengi humwacha nje kwa kuona ni gharama ya bure.

Uchukuaji wa sampuli ni mwepesi kuliko watu wanavyoogopa. Kijiti chenye pamba nchani husuguliwa ndani ya shavu kwa nusu dakika hivi, upande mmoja kisha wa pili, baada ya mtu kukaa kama nusu saa bila kula wala kunywa. Kijiti huachwa kikauke, kisha huingizwa kwenye bahasha ya karatasi. Isiwe ya nailoni, kwa sababu unyevu ukinaswa humo ukungu na bakteria hula DNA kabla ya maabara. Nimeona mtu akileta mswaki wa marehemu ndani ya mfuko wa kaveera uliofungwa fundo tatu kwa nia njema kabisa, na nia hiyo ndiyo iliyouharibu.

Uamuzi wa kufanya hapa ni kati ya kipimo cha kujiridhisha na kipimo cha mahakama. Kemia yake ni ileile. Kinachotofautiana ni safari ya sampuli. Katika kipimo cha mahakama, kila mtu hutambulishwa kwa kitambulisho, hupigwa picha, hutia sahihi au dole gumba, bahasha hufungwa mbele yake, na kila mkono unaoipokea huandikwa. Maabara ya Serikali ya Uchunguzi iliyopo Wandegeya, Kampala, ambayo iko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, ndiyo ambayo mahakama na polisi huitegemea kwa kazi hii. Maoni yangu ni kwamba palipo na ardhi, wosia au matunzo ya mtoto, kipimo cha siri cha kujiridhisha ni kulipa mara mbili, kwa kuwa upande ulioshindwa utauliza mara moja mate yale yalikuwa ya nani.

Mapacha wa kufanana ni habari nyingine. Wasswa na Kato wakiwa wametokana na yai moja, vinasaba vyao ni sawasawa, na kipimo cha kawaida hakiwezi kusema ni yupi kati yao aliyezaa mtoto. Watoto wa Wasswa na wa Kato wa namna hiyo, ambao nyumbani ni watoto wa baba mkubwa na baba mdogo, watachangia asilimia 25 kama ndugu wa baba mmoja.

Baba akiwa marehemu

Baba akishakufa, swali la kipimo kipi ni bora huwa la pili. La kwanza ni nani waliobaki hai, na wa jinsia gani.

Wakiwapo babu na bibi wote wawili wa upande wa baba, chukua hao na usitafute zaidi. Baba hakuwa na kitu katika vinasaba vyake ambacho hakikutoka kwao, kwa hiyo kila kipande ambacho mtoto amepata upande wa baba lazima kionekane kwa mmoja wao. Pamoja na mama wa mtoto, jibu lao hukaribia nguvu ya kipimo cha baba mwenyewe. Akibaki mmoja tu, nguvu hupungua sana, kwa sababu nusu nyingine ya marehemu haionekani.

Shangazi au baba mdogo akipimwa peke yake kwa njia ya kawaida ni chaguo dhaifu. Robo ya wastani, inayocheza juu na chini, kwenye mahali ishirini na kitu tu, mara nyingi huzaa jibu la katikati lisilosema ndiyo wala hapana. Hayo yalitokea katika familia yetu. Wajomba zangu wawili, wa mama mbalimbali, walitaka kujua kama kweli walikuwa wa baba mmoja. Maabara waliyoiendea iliwauzia kipimo cha undugu cha kawaida bila kuuliza chochote, wakasubiri wiki kadhaa, na karatasi ikarudi na maneno kwamba ushahidi hautoshi upande wowote. Walikaa na neno hilo karibu mwaka mzima, wakitazamana kila Idi. Walipopata mtu wa kuwaambia kwamba wanaume wawili wanaodai baba mmoja wanapaswa kuanza na kromosomu ya Y, jibu lilipatikana kwa mara moja, na halikuwa lile walilolitarajia.

Kromosomu ya Y hutoka kwa baba kwenda kwa mwana karibu bila kubadilika, na wanawake hawana. Kwa hiyo kijana, kaka yake wa baba mmoja, baba yake mdogo, babu yake mzaa baba, na hata mtoto wa kiume wa baba mdogo, wote hubeba Y ileile. Vipimo vya sasa huangalia alama kati ya 17 na 27 kwenye kromosomu hiyo. Zikitofautiana nyingi, mjadala umekwisha, mradi tu yule mwanamume anayelinganishwa ni wa ukoo huo kweli. Zikilingana, usishangilie bado, kwa sababu Y inasema "ni mtoto wa nyumba hii ya kiume" na haisemi ni wa nani ndani yake. Kama baba mdogo naye aliwahi kufanya kazi Gulu miaka ileile, Y haitaweza kuwatenganisha yeye na kaka yake. Swali hilo huonekana la aibu kikaoni, lakini ni afadhali liulizwe kabla ya fedha kutoka.

Kwa mabinti, njia ya mkato ni kromosomu ya X. Mwanamume ana X moja tu, na humpa kila binti yake hiyohiyo nzima bila kuichanganya na nyingine. Kwa hiyo dada wawili wa baba mmoja, hata wawe wa mama mbalimbali, lazima wawe na X moja inayofanana kutoka mwanzo hadi mwisho. Na kwa kuwa baba aliipata X hiyo kwa mama yake, bibi mzaa baba na mjukuu wake wa kike wanaweza kulinganishwa kwa njia hiyo pia. Mwana wa kiume hapokei X ya baba hata kidogo, kwa hiyo kwa kijana yule wa Gulu kipimo cha X upande wa bibi kingekuwa fedha zilizotupwa. Sasa tunaona kwa nini "yeyote kati yetu" ya ssenga haikufaa: yeye hana Y, X yake haimgusi kijana, na kilichobaki ni ile robo inayoyumba.

Tufike kwa mjane. Watoto wa marehemu wanaojulikana ni kama vipande vya baba vilivyoachwa nyumbani. Kila mmoja amebeba nusu yake, na nusu hizo si zilezile, hivyo watoto wawili kwa wastani wanabeba asilimia 75 ya vinasaba vya baba yao, watatu 87.5, na wanne karibu 94. Tatizo ni kwamba ndani ya kila mtoto nusu ya baba imechanganyika na nusu ya mama, na maabara haijui ipi ni ya nani, mpaka mama naye apimwe. Akipimwa, sehemu yake huondolewa, na kinachobaki ni cha marehemu. Kwa njia hiyo mwanamke asiye na udugu wowote na kijana ndiye anayeweza kumfufua baba kwenye karatasi. Bibi akiongezwa, na mama wa kijana akikubali kutoa sampuli kule Gulu, picha hukamilika kiasi cha kuaminika.

Njia hii ina hatari yake, nami sioni kama inafaa kufichwa. Inachukulia kwamba watoto wote watatu wa ndoa ni wa marehemu kweli. Kipimo kinaweza kuonyesha kwamba mmoja wao siye, katika familia ambayo haikuwa imeuliza swali hilo. Wakubaliane mapema, kwa maandishi, ni nini maabara iseme na nini isiseme, na mtu mzima asiyetaka asilazimishwe. Vinasaba ni taarifa za mtu binafsi, na Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha tangu mwaka 2019.

Kufukua kaburi kuliwahi kutajwa pia kikaoni. Inawezekana, na DNA hupatikana kwenye meno na mifupa mikubwa, lakini inahitaji idhini ya mamlaka, ina gharama na machungu, na kwa familia yenye bibi na watoto watatu walio hai ni njia ya mwisho kabisa. Hospitali iliyomtibu marehemu inaweza kuwa imehifadhi kipande cha nyama kutokana na uchunguzi wa ugonjwa, na hicho chaweza kupimwa kabla ya mtu yeyote kushika jembe.

Ukoo ni kitu kingine

Mzee mmoja aliuliza kama Y ikilingana, kijana amekuwa wa ukoo wao wa Mmamba moja kwa moja. Swali zuri, kwa kuwa ukoo wa Kiganda hupita kwa baba kama Y inavyopita, na mtu angedhani ni kitu kimoja. Lakini koo zinazotambuliwa Buganda, ambazo kwa kawaida huhesabiwa kuwa 52, zilipokea watu kwa karne nyingi: wageni, watoto waliolelewa, na wengine waliotafuta hifadhi. Kutolingana kwa Y hakumwondoi mtu kwenye ukoo uliomlea. Na watu wawili wa ukoo mmoja wanaokutana kwa babu wa kizazi cha kumi hawana la kutarajia kwenye vinasaba vya kawaida, kwa kuwa kila kizazi hukata nusu, na babu wa kizazi cha kumi ni takriban sehemu moja katika 1,024. Mwiko wa kuoana ndani ya ukoo kwa hiyo unalinda heshima na mpangilio wa jamii zaidi ya unavyolinda damu. Zipo jamii ambamo binamu huoana kizazi baada ya kizazi, na huko asilimia hupanda juu ya zile nilizotaja, hivyo binamu wa pili akaonekana wa kwanza.

Baganda walikuwa na kipimo chao pia. Katika kwalula abaana, hafla ya kuwaingiza watoto kwenye ukoo, kitovu kilichokauka cha mtoto, akalira, kilitumbukizwa kwenye chombo chenye mchanganyiko wa majimaji. Kikielea mtoto ni wa ukoo, kikizama siye. Inasemekana kitovu kilipakwa samli kwanza, na kitu kilichopakwa samli hakizami kirahisi. Wazee walijua walichokuwa wakikifanya.

Upande wa mama una DNA yake pia, ile ya mitokondria, yenye herufi 16,569, ambayo mama huwapa watoto wake wote lakini mabinti tu ndio huiendeleza. Inafaa pale swali linapokuwa la mama: watu wawili waliopotezana utotoni wanaotaka kujua kama ni wa tumbo moja, kwa mfano. Ikitofautiana waziwazi, si wa mama mmoja. Ikilingana, wanaweza kuwa wa mama mmoja, au wa mama mkubwa na mdogo, au wa bibi wa mbali sana. Kwa mirathi ya baba haina kazi yoyote.

Vipimo vya kuagiza kwa intaneti

Mpwa wa marehemu anayeishi London alipendekeza vipimo vya kampuni kama MyHeritage, 23andMe au AncestryDNA. Hivi huangalia alama zaidi ya laki sita badala ya ishirini na kitu, na hueleza udugu kwa sentimogani, kizio cha urefu wa vipande vya DNA ambavyo watu wawili wanachangia: mzazi na mtoto takriban 3,400 hadi 3,500, ndugu wa mzazi mmoja karibu 1,750, binamu wa kwanza karibu 870, binamu wa pili karibu 230. Kwa kutambua ndugu wa mzazi mmoja, mjomba au binamu, hivi vinashinda kwa mbali kipimo cha undugu cha kawaida, na kama wajomba zangu wangekuwa nacho wasingekaa mwaka mzima gizani. Kwa mahakama ya Uganda, hata hivyo, mate yaliyotemwa chumbani bila shahidi hayana uzito, na baadhi ya kampuni haziuzi vifaa vyao hapa. Hifadhi zao zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo Mganda anayepima peke yake akitarajia kuonyeshwa nduguze ataonyeshwa wachache, tena wengi wao wanaoishi ng'ambo.

Faragha nayo si hofu ya kubuni. Mwaka 2023 taarifa za wateja takriban milioni 6.9 wa 23andMe zilidukuliwa, na Machi 2025 kampuni hiyo ikaomba ulinzi wa kufilisika. Anayetuma mate yake anatuma pia robo ya mjomba wake na nusu ya mama yake, ambao hawakuulizwa. Kwa udadisi wa asili, au kwa ndugu wawili watu wazima waliokubaliana, ningevipendekeza. Kwa shamba la Bombo, hapana.

Familia ile ilichukua njia hii, kwa utaratibu wa mahakama: kwanza Y ya kijana dhidi ya mvulana wa ndoa na baba mdogo kwa pamoja, kwa kuwa wawili wakilinganishwa kila mmoja anamchunguza mwenzake. Iwapo ingetofautiana, wangeishia hapo. Iwapo ingelingana, basi bibi, watoto wote watatu, mjane, na mama wa kijana. Ili wasisafiri mara mbili, sampuli zote zilichukuliwa siku moja. Majibu ni yao na sitayaandika. Bibi aliingia akiwa ameshikwa mkono na mjukuu, na kijana wa Gulu alikaa karibu na mlango na begi lake mapajani. Aliyeitwa kwanza na kufungua kinywa alikuwa mjane, na safari hii hakuna aliyecheka.